Picha Zipo, Wasomaji Je?

Mwishoni mwa Oktoba 2023 wadukuzi walivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza jijini London, wakafunga mafaili na kudai walipwe. Maktaba ilikataa. Tovuti zake zikazimika, orodha ya vitabu ikazimika, na hazina za picha ambazo mtu alizoea kuzifungua popote alipo duniani zikazimika nazo. Baadhi zilichukua miezi mingi kurudi. Katika zilizotoweka zilikuwemo picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, zilizopigwa yapata mwongo mmoja kabla ya hapo ili miswada hiyo isije ikapotea.

Jambo hilo halitaki kupitwa haraka. Miswada iliyosemwa imo hatarini ilibaki kisiwani. Iliyokosekana ni nakala yake ya usalama, iliyowekwa katika mojawapo ya maktaba zenye uwezo mkubwa kuliko zote duniani. Kwa miezi kadhaa, aliyetaka kuisoma miswada ya Riyadha alirudishwa kwenye njia ya zamani: apande chombo aende Lamu, abishe hodi, aombe ruhusa.

Siyasemi haya kwa kuukejeli mpango ulioleta kamera Lamu. Nitaeleza baadaye kwa nini naona ulikuwa mpango mzuri. Nayasema kwa kuwa tukio lile lilitoboa siri inayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi ya nyaraka: kuhifadhi na kusoma ni kazi mbili, na fedha nyingi huenda kwenye ile ya kwanza.

Naandika nikiwa Eldoret, karibu kilomita 1,100 kutoka Lamu kwa barabara ya kupitia Mombasa, na msomaji ana haki ya kuuliza: Eldoret na miswada ya Lamu wapi na wapi? Jibu liko Kesses, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, kwenye bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984, kikiwa cha pili kati ya vyuo vikuu vya umma nchini Kenya. Tangu 1988 kina kitivo cha sayansi ya habari, kinachowafunza wakutubi na watunza nyaraka. Kina pia idara ya Kiswahili. Yaani fani mbili zinazohitajiwa na mswada wowote wa Kiswahili, ile ya kuutunza na ile ya kuuelewa, ziko chini ya paa la chuo kimoja. Mahali penye bahati ya namna hiyo hapapaswi kuyatazama mambo ya Lamu kama habari za ng'ambo.

Andiko zuri

Mpango uliofika Riyadha unaitwa Endangered Archives Programme. Ulianza mwaka 2004 katika Maktaba ya Uingereza kwa fedha za mfuko wa Arcadia, na masharti yake yana busara. Hati za asili hazitolewi katika nchi zilimo. Hupigwa picha palepale, au karibu na palepale. Nakala moja ya picha hubaki katika nchi husika, nyingine hupelekwa London. Watu wa mahali hufundishwa kutumia kamera, kupanga taa, kuyapa mafaili majina yasiyogongana na kuandika maelezo ya kila kitabu.

Anayejua yaliyotangulia atakubali kwamba hayo ni maendeleo makubwa. Kwa zaidi ya karne moja miswada ya pwani ilisafiri ndani ya masanduku ya wageni. Mmoja alinunua, mwingine alipewa zawadi, mwingine aliazima. Wazee wengi wa pwani wanaweza kukusimulia juu ya kitabu cha babu kilichoazimwa na hakikurudi. Sharti la kutoitoa hati ilipo ni jibu la malalamiko ya muda mrefu.

Mradi wa Riyadha uliongozwa na mwanahistoria Anne Bang kutoka Norwei, kwa ushirikiano na watu wa msikiti wenyewe. Msikiti huo uliasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, na ndio kitovu cha sherehe za Maulidi zinazoijaza Lamu wageni kila mwaka. Vitabu zaidi ya mia moja vya hati ya mkono vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa: fiqhi, nahau ya Kiarabu, maulidi, nyiradi, mashairi ya kisufi.

Kwa vipimo vya andiko la mradi, kazi ilifanikiwa. Vitabu vilipigwa picha, mafaili yakahifadhiwa, orodha ikatolewa. Fundo liko kwenye vipimo vyenyewe. Mradi wa kupiga picha huhesabu kwa urahisi kile kinachohesabika: kurasa, mafaili, ukubwa wa diski, idadi ya waliopewa mafunzo ya kamera. Hakuna safu kwenye jedwali la ripoti inayouliza ni watu wangapi, baada ya mfadhili kuondoka, watakaokaa chini na kuzisoma kurasa hizo. Na kisichoulizwa kwenye ripoti hakiwekewi bajeti.

Kona ya chini ya ukurasa

Tuchukue mswada mmoja wa pwani wa karne ya 18 au 19, wowote, tuuweke mezani. Karatasi yake huenda ilitengenezwa Italia. Ukiuinua ukurasa dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona mara nyingi miezi mitatu michanga iliyojipanga kwa ukubwa: alama ya viwanda vilivyouza karatasi katika nchi za Waislamu, ikafika kwetu kwa njia ya biashara ya baharini. Maandishi ni meusi, na vichwa vya sehemu vimetiwa wino mwekundu. Pembezoni kuna maandishi madogo yaliyoinama, maelezo ya mwalimu au mwanafunzi aliyesoma kitabu hicho vizazi kadhaa baada ya kuandikwa.

Sasa shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kulia, kwenye kona ya kushoto. Hapo kuna neno moja peke yake, limeandikwa kwa mshazari, halimo kwenye mstari. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Vitabu hivi aghalabu havikuwa na nambari za kurasa. Neno hilo ndilo lililoshika mpangilio. Uzi wa jalada ukikatika na karatasi zikachanganyika, msomaji hulitazama neno la kona, akatafuta ukurasa unaoanza nalo, akakirudisha kitabu katika hali yake.

Kamera haina habari na neno hilo. Kijana aliyefundishwa kupiga picha lakini hakufundishwa kusoma hati ya Kiarabu atazipiga karatasi kwa mfuatano aliozikuta sandukuni. Programu itazipa nambari. Nambari hizo zitaingia kwenye katalogi, katalogi itawekwa mtandaoni, na vurugu iliyoletwa na panya au na mtoto aliyeangusha sanduku mwaka usiojulikana itageuka kuwa mpangilio rasmi. Mtafiti wa Tokyo au wa Kesses atakayeifungua miaka 20 baadaye atadhani ndivyo mwandishi alivyotaka. Karatasi tatu zilizopotea hazitajulikana kuwa zimepotea, kwa kuwa pengo linaonekana tu kwa macho ya anayejua neno la kona lilitaka kifuate nini.

Ikiwa mswada ni wa Kiswahili ugumu unaongezeka. Hati ya Kiarabu kwa matumizi yake ya kale haikuwa na herufi za baadhi ya sauti zetu. Herufi ya ba peke yake ilibeba b, p na hata mb. Alama moja ya irabu ilisimama kwa i na kwa e, nyingine kwa u na kwa o. Aliyeandika utendi hakuona taabu, kwa sababu msomaji wake alikuwa na mizani sikioni, vina kichwani na lahaja ya Kiamu au Kimvita kinywani. Alilitambua neno kwa kuujua ubeti. Maarifa hayo hayapigiki picha. Yanakaa ndani ya mtu, naye huyatoa kwa mwanafunzi aliye mbele yake, au huondoka nayo.

Waliosoma kabla yetu

Historia ya kuokoa miswada ya Kiswahili ni ndefu, na ukiipitia kwa jicho la mtu wa miradi unaona mambo mawili yakijirudia: hati kusambaa mbali na nyumbani, na msomaji wa nyumbani kuwa ndiye nguzo ya kila kilichofanikiwa.

Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Zimo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, Uhindi, kwa kuwa Wareno ndio waliozipeleka. Chuo cha Herekali, utendi wa Pate wa mwaka 1728, una mswada maarufu ulioko Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya miongo kadhaa baadaye kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, naye mmisionari William Taylor akayatunza pamoja na maelezo yake. Makaratasi hayo yakaishia kwenye chuo cha SOAS, London. William Hichens akayachapa mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa Nairobi uchambuzi wake mpana.

Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, mwandishi wa khati, mchongaji na mwanamuziki, aliyefariki mwaka 1945. Watafiti Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann wote walinakiliwa tendi naye. Nakala zake nzuri zimetawanyika London, Hamburg na Berlin. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, walihariri kitabu kikubwa juu yake kutokana na makaratasi ya Dammann. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapwa mwaka 1970.

Mtoe Sikujua katika habari ya Taylor uone kinachobaki. Mtoe Kijuma katika habari ya Dammann. Ndivyo ilivyokuwa hadi zama zetu: watafiti wa vyuo vya nje walijifunza kwa Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha SOAS na kufariki mwaka 2008, na kwa Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Jina la mgeni huwa kwenye jalada, na la mwenyeji huwa kwenye shukurani. Lakini aliyelifungua neno lililofungika alikuwa mwenyeji.

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Miradi ya miswada imetii nusu ya wosia huo: daftari lipo, tena zuri, lenye nambari na vipimo vya kila kitabu. Iliyosahaulika ni nusu ambayo wahenga hawakuona haja ya kuitaja, kwamba daftari lenyewe linataka wa kulisoma.

Mpango wa kale usio na tarehe ya mwisho

Kabla ya mfadhili wa kwanza kukanyaga Lamu, vitabu vya Riyadha vilikuwa tayari ndani ya mradi. Vingine vilinunuliwa, vingine vilinakiliwa hapohapo, na vingine viliandikiwa kwamba ni wakfu.

Tuisome wakfu kama anavyosoma andiko mtu wa ofisi ya mipango. Inataja mali: kitabu hiki. Inataja mnufaika: wanafunzi wa mahali fulani. Inataja msimamizi. Inaweka masharti: hakiuzwi, hakirithiwi, hakigeuzwi matumizi. Kinachokosekana ni tarehe ya kumaliza, na si kwa bahati mbaya. Mwenye kuweka wakfu hakutaka kitabu kikae. Alitaka kisomwe, na thawabu yake ilihesabiwa kwa kusomwa huko. Kwa lugha ya siku hizi, kipimo cha mafanikio kilikuwa msomaji.

Tusiipambe mno. Wakfu nazo zilikufa. Vitabu vya wakfu vimeuzwa, vimeliwa na mchwa, vimeozeshwa na unyevu wa pwani. Wakfu bila msimamizi mwaminifu na bila darasa linaloendelea ni wino tu. Lakini palipokuwa na darasa, kitabu kilichochakaa kwa kushikwa kilinakiliwa na mwanafunzi, na maandishi yakaendelea katika karatasi mpya. Kilichofungiwa kabatini kwa heshima ndicho kilichotobolewa na wadudu bila mtu kujua. Matumizi yaliharibu karatasi na kuokoa maandishi.

Riyadha ni mfano hai wa hilo. Miswada yake haikudumu kwa sababu ya ghala lenye kiyoyozi. Ilidumu kwa sababu palikuwa na watu wanaofundisha na kusoma maulidi, ambao kwao vitabu hivyo havikuwa mambo ya kale. Kamera ilipofika ilikuta hazina iliyokwisha kuhifadhiwa na wasomaji wake.

Somo la Mosoriot

Huku kwetu nyanda za juu tuna ushahidi wetu kwamba kinachotumiwa ndicho kinachodumu, na hauhusu miswada hata kidogo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kulianzishwa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulitokana na ushirikiano wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Vituo vya mashambani barani Afrika vilivyokuwa na kitu cha namna hiyo wakati huo vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Mfumo ulikuwa mdogo: mgonjwa anasajiliwa, fomu ya ziara yake inajazwa kwa mkono, karani anaiingiza kwenye kompyuta.

Mradi huo ungeweza kufa kama mingine mingi: kompyuta ikaharibika, fedha zikaisha, karani akahamishwa. Badala yake ulikua. Ukahamia huduma ya VVU ya mpango wa AMPATH hapa Eldoret, na kuanzia mwaka 2004 ukazaa programu huria ya OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Sababu za kuendelea kwake ni nyingi, fedha zikiwemo, lakini moja ndiyo inayonihusu hapa. Kila asubuhi kulikuwa na mgonjwa kwenye benchi na mhudumu aliyehitaji kujua mgonjwa huyo alipewa dawa gani mwezi uliopita. Kumbukumbu ilipokosekana, kazi ilikwama siku hiyohiyo na mtu akalalamika. Malalamiko hayo ndiyo yaliyokuwa ulinzi wa mfumo. Kwa picha za miswada hakuna anayekaa kwenye benchi. Diski ikifa leo, huenda habari ikajulikana baada ya miaka mitatu, mtafiti mmoja atakapoomba faili.

Na diski hufa. Wanaofundisha utunzaji wa nyaraka za kidijitali husisitiza kwamba data ihamishwe kwenye chombo kipya kila baada ya miaka michache, na ikaguliwe mara kwa mara kama bado inafunguka. Karatasi ya Italia imekaa miaka 200 kwenye joto la Lamu. Diski ya kawaida haiwezi kuahidi hata robo ya umri huo. Picha inataka mtu wa kuiangalia kuliko hata karatasi inavyotaka.

Kesses inaweza nini

Kuna wazo ambalo humjia haraka mtu wa nyanda za juu. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100. Hewa ni ya baridi, haina chumvi ya bahari, na karatasi huipenda kuliko ya pwani. Kwa nini miswada isiletwe huku?

Kitaalamu hoja ina uzito. Kwa watu haina. Kitabu cha wakfu kikiondolewa mahali palipotajwa ndani yake, sharti lake limevunjwa. Familia ikikabidhi sanduku kwa taasisi iliyo kilomita elfu moja mbali, inarudi kwenye habari ileile ya kitabu cha babu. Tena chuo chenyewe si ngome. Mwaka 2024 mgomo wa wafanyakazi ulisimamisha masomo katika Chuo Kikuu cha Moi kwa wiki nyingi, huku madeni ya chuo yakijadiliwa hadi bungeni. Anayesema nyaraka ziletwe huku lazima aeleze ni nani angefungua chumba cha hifadhi siku ambazo lango lilikuwa limefungwa.

Kesses haina sababu ya kutamani karatasi za Lamu. Inachoweza kutoa ni watu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vyetu huhitimu bila kuweza kusoma ubeti mmoja katika hati ulimoandikwa. Wanasoma tendi zilizokwisha kugeuzwa kuwa herufi za Kirumi na mtu mwingine, wakiamini kila uamuzi wake juu ya b na p. Wanafunzi wa utunzaji nyaraka nao hujifunza joto, unyevu, masanduku yasiyo na asidi na viwango vya katalogi, lakini si lazima wafundishwe kuisoma lugha ya hati watakazozitunza. Waweke hao wawili kwenye meza moja kwa muhula mmoja, mbele ya nakala ya picha za Lamu, na mwalimu kutoka pwani aliyelipwa kama mwalimu, si kama mtoa habari. Yule wa Kiswahili ataliona neno la kona. Yule wa nyaraka atajua pa kuliandika kwenye katalogi ili mwingine naye alione.

Njia ya kufika huko imekwisha kuchongwa nusu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa mmoja wa washirika wanne wa Afrika katika mpango mkubwa wa utafiti ulioongozwa na Bayreuth, chuo kilekile cha Miehe na Vierke. Uhusiano huo una thamani. Lakini ni ajabu kiasi kwamba mwanafunzi wa Kesses anaweza kukaribia miswada ya Lamu kwa kupitia Ujerumani kabla hajaiona Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani.

Wapo watakaouliza kijana wa Kinandi au wa Kikeiyo ana haja gani na hati ya Kiarabu. Nami humkumbusha anayeuliza habari ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Fimbo zake zilirudishwa Nandi kutoka Uingereza mwaka 2006. Shajara za aliyemuua, zinazosimulia upande wake wa tukio, ziko Oxford. Wanahistoria wanazitilia shaka kwa kuwa alizichapa upya kwa taipu miaka mingi baadaye. Anayetaka kubishana nazo lazima ajue kuuliza maswali ya mtu wa miswada: hii ni nakala ya asili au ya baadaye? Karatasi ni ya lini? Nani aliinakili, na alikuwa na sababu gani ya kubadilisha? Ufundi huo ukijifunzwa kwenye utendi wa Pate unafaa kwenye faili la mkoloni, kwenye daftari la ubatizo na kwenye hati ya shamba la Uasin Gishu.

Fungu la msomaji

Yanayohitajika si mengi wala si ya anasa. Picha zikae mahali patatu: kwa wenyewe Lamu, katika taasisi ya Kenya kama Kesses, na ng'ambo, kila pahali pakiwa na mtu aliyetajwa kwa cheo chake kuwa ndiye mkaguzi. Katalogi iandikwe pia kwa Kiswahili, ili mwenye kitabu aweze kuikosoa. Familia ziulizwe upya, si mara moja tu siku ya kutia sahihi, ni kurasa gani zisiwekwe hadharani, maana ndani ya vitabu hivi mna madeni, talaka na dua za siri za watu wanaojulikana wajukuu wao. Na kabla kamera haijawashwa, msomaji apitie karatasi, azipange kwa maneno ya kona na aandike zilizokosekana.

Hayo yote yanalipika kwa sehemu ya fedha ambazo sasa huenda kwenye vifaa na safari. Tofauti itakuja siku mfadhili atakapoweka kwenye fomu yake swali moja ambalo halijibiwi kwa idadi ya mafaili: baada ya miaka mitano, nani atakuwa anaisoma miswada hii, amefundishwa na nani, na mshahara wake unatoka wapi? Mwombaji asiye na jibu anyimwe fedha, hata kama kamera yake ni nzuri namna gani. Na vyuo vyetu, badala ya kungoja fomu hiyo iandikwe London au Bayreuth, vianze kulijibu kwa kuweka somo la hati za Kiswahili kwenye ratiba ya mwaka ujao. Walimu wanaoweza kulifundisha bado wapo pwani. Wengi wao ni wazee, kwa hiyo muda wa kuandaa kamati na kuahirisha vikao hatuna.